Jinsi ya kucheza poka ya Texas Hold'em kuanzia sufuri: mikono, zamu na sheria za kubeti

Maswali ni yaleyale kila mara. Flashi inapiga streti ama streti inapiga flashi? Nani anaanza kubeti? Mtu akiishiwa kete anatolewa ama anabaki? Na lile la mwisho ambalo huwa linaulizwa kwa uchungu, kwa nini nilikuwa na jozi ya A na nikapigwa na mtu aliyeshika 5 na 4. Nimeona niandike yote pahali pamoja, soma mpaka mwisho halafu ndio uulize.

Kwanza tuelewane ni poka gani. Hapa Kenya ukisema poka wengi wanafikiria ile kadi yetu ya kudondosha, ya kula mbili na kula tatu, unabaki na ya mwisho unasema "niko kadi". Sio hiyo. Kule unakimbilia kumaliza karata mkononi, huku hakuna wa kumaliza chochote, unapewa karata mbili zako, mezani zinawekwa tano za wote, na kutoka hizo saba unachagua tano zinazotengeneza mkono mzuri zaidi. Katikati ya hayo yote mnabeti. Poka yenyewe ina aina nyingi, mimi nafundisha Texas Hold'em manake ndio inayochezwa sana duniani na ndio inayotumika kwenye pambano kuu la World Series of Poker, yale mashindano ya Las Vegas yaliyoanza mwaka 1970.

Na niseme hili mapema: karibu kila anayeanza anakariri mpangilio wa mikono halafu anadhani ameshajua poka. Mpangilio utaushika jioni moja. Kazi iko kwenye kubeti, yaani zamu ni ya nani, unaruhusiwa kuweka kiasi gani, na lini utupe karata zako ukae kimya. Kwa hivyo mikono nitaipitia haraka, kwenye kubeti nitakaa.

VITU UNAVYOHITAJI

- Pakiti moja ya karata 52. Toa joka zote mbili, hapa hazina kazi. Hesabu karata kabla ya kuanza, pakiti iliyozoea kuchezewa kadi barazani mara nyingi imepoteza moja ama mbili.
- Watu wawili mpaka tisa. Kwa kujifunza wanne mpaka sita ndio wazuri zaidi, mkiwa wengi zamu inachelewa na mwanafunzi anasinzia.
- Kete, zile wengine wanaita chipu. Kama hamna, tumieni vitu vya nyumbani: kunde moja iwe 10, haragwe moja iwe 50, kifuniko cha soda kiwe 100. Kila mtu mpe kunde 10, maharagwe 6 na vifuniko 6, jumla 1,000.
- Kitu cha kuonyesha nani ni mgawaji. Sarafu ya shilingi ishirini yatosha. Tutaiita kitufe.
- Meza yenye kitambaa ama mkeka, karata zisiteleze zikafunuka.

Kuhusu pesa: anzeni bila pesa kabisa. Namaanisha mpaka kila mtu mezani aweze kusema zamu ni ya nani bila kuuliza. Na aliye chini ya miaka 18 asikae meza ya pesa hata kidogo. Ukizoea na ukiwa mtu mzima, amua mapema kiasi ambacho hata kikienda chote kodi ya nyumba haiguswi, kikiisha simama uende.

HATUA YA 1: SHIKA MPANGILIO WA MIKONO

Karata zina aina nne, kopa, uru, shupaza na pau. Katika poka hii hakuna aina kubwa kuliko nyingine, shupaza hazipigi kopa. Kwa ukubwa A (ree) ndio ya juu, kisha K, Q, J, 10 mpaka 2.

Kutoka mkono mkubwa kwenda mdogo:

1. Royo flashi. A, K, Q, J, 10 zote aina moja.
2. Streti flashi. Tano zinazofuatana na zote aina moja, mfano 9, 8, 7, 6, 5 za pau.
3. Nne sawa. Mfano 8 zote nne na karata nyingine yoyote.
4. Ful hausi. Tatu sawa na jozi, mfano J, J, J, 4, 4.
5. Flashi. Tano za aina moja hata kama hazifuatani.
6. Streti. Tano zinazofuatana, aina zimechanganyika.
7. Tatu sawa.
8. Jozi mbili.
9. Jozi moja.
10. Karata ya juu tu, yaani hujapata chochote, unahesabu ile kubwa uliyo nayo.

Usipoteze muda kubishana kwa nini flashi ni kubwa kuliko streti. Ni kwa sababu ni adimu zaidi. Karata 52 zinaweza kutoa mikono ya tano tano 2,598,960, na kati ya hiyo flashi ni 5,108 na streti ni 10,200. Ful hausi ni 3,744, nne sawa 624, na royo flashi ni 4 tu, moja kwa kila aina. Kwa upande mwingine zaidi ya nusu ya mikono yote ni ya karata ya juu, haina hata jozi.

Mambo manne yanayochanganya watu hapa:

A inaweza kuanza streti pia, A, 2, 3, 4, 5 ni streti halali, ila hapo A inahesabiwa moja kwa hivyo ndio streti ndogo kuliko zote. Lakini haizunguki. Q, K, A, 2, 3 sio kitu.

Flashi mbili zikikutana angalia karata kubwa, zikilingana angalia ya pili, hivyo hivyo mpaka ya tano. Ful hausi inapimwa kwa zile tatu kwanza, kwa hivyo 7, 7, 7, 2, 2 inapiga 6, 6, 6, A, A. Watu wanaona zile A wanachanganyikiwa.

Jozi mbili zinapimwa kwa jozi ya juu kwanza. Mwenye K na 3 anapiga mwenye Q na J.

Na kuna kika. Kika ni karata ya pembeni inayoamua mkiwa na jozi sawa. Wewe una A na 9, mwenzako A na K, mezani kuna A: nyote mna jozi ya A lakini yeye ana K pembeni, anakula. Hii ndio inamaliza kete za wanaoanza kuliko blafu zote (blafu ni kubeti ukiwa huna kitu ili mwenzako atupe karata zake).

HATUA YA 2: KAENI, WEKENI KITUFE

Kila mtu avute karata moja, mwenye kubwa ndio mgawaji wa kwanza na kitufe kinawekwa mbele yake. Kila mkono ukiisha, yaani mtu ameshashinda na karata zinachangwa upya, kitufe kinahamia mtu wa kushoto. Kila kitu kwenye poka kinaenda kushoto, kugawa, kubeti, kitufe, kwa hivyo ukishindwa kukumbuka jambo lolote sema tu kushoto na uwezekano ni mkubwa utakuwa sawa.

HATUA YA 3: BLAINDI

Kabla karata hazijagawanywa watu wawili wanaweka kete kwa lazima. Wa kwanza kushoto mwa kitufe anaweka blaindi ndogo, tuseme 10. Anayemfuata anaweka blaindi kubwa, 20. Wengine hawaweki kitu.

Kwa nini kulazimisha? Bila blaindi mezani hakuna cha kugombania, kila mtu angekaa anangoja A mbili, na A mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Mngelala.

HATUA YA 4: KUGAWA

Mgawaji achange karata vizuri, wa kulia kwake azikate. Halafu anagawa moja moja kuanzia kushoto mpaka kila mtu awe na mbili, zikiwa zimelala kifudifudi. Angalia zako kwa kuinua pembe tu, huku zimebaki mezani. Usizinyanyue usoni kama mtu anayesoma gazeti manake jirani anasoma nawe.

HATUA YA 5: MANENO YA KUBETI (soma hapa mara mbili)

Zamu yako ikifika una mambo machache tu unayoweza kufanya:

Kucheki: hujaweka kitu na hujatoka, unapitisha zamu. Inaruhusiwa tu kama hakuna aliyebeti kwenye raundi hiyo kabla yako.

Kubeti: wewe ndio wa kwanza kuweka kete kwenye raundi. Kiwango cha chini ni sawa na blaindi kubwa.

Kukoli: kuna aliyeweka, nawe unaweka sawa na yeye ili uendelee.

Kureizi: kuna aliyeweka, nawe unapandisha juu yake.

Kufoldi: unatupa karata zako bila kuzionyesha, na kete ulizokwisha kuweka zinabaki kwenye poti, lile fungu la katikati ya meza mnalogombania. Huzirudishiwi.

Raundi ya kubeti inaisha pale kila aliyebaki amepata zamu na wote wameweka sawa. Sio pale duara limezunguka mara moja! Mtu akireizi, wote waliobaki lazima wajibu tena, hata waliokuwa wameshakoli.

Sasa reizi ina sheria yake. Nyongeza yako lazima iwe angalau sawa na nyongeza ya mwisho iliyofanyika. Blaindi kubwa ni 20, mtu akapandisha mpaka 60, ameongeza 40, kwa hivyo anayetaka kupandisha tena lazima afike angalau 100. Mtu akibeti 100 reizi ya chini ni mpaka 200. Akipandisha mpaka 250, hapo ameongeza 150, basi inayofuata ni kuanzia 400. Hesabu nyongeza, usihesabu jumla, na hutakosea.

Juu hakuna mwisho, unaweza kuweka kete zako zote wakati wowote zamu ni yako. Hii ndio inaitwa no-limit. Kuna meza ambazo dau la juu ni kiasi kilichoko kwenye poti, na nyingine zina kiwango maalum kila raundi, ila jifunze hii kwanza.

Sheria mbili za adabu ambazo kwenye kasino zinashikiliwa kama sheria kamili. Moja, sema kwanza halafu weka kete. Ukisema "nareizi mpaka 200" imeshika, hata ukibadilisha mawazo. Mbili, usiweke kete kwa mafungu, yaani unaweka 100, unamwangalia mwenzako uso amekunja vipi, halafu unaongeza nyingine 100. Hiyo hairuhusiwi, ile 100 ya kwanza inahesabiwa koli na umemaliza. Na wale wanaosema "nakuona hiyo mia yako... na nakuongezea mia" wameshakoli pale waliposema nakuona. Sinema zimewaharibu watu hapa.

HATUA YA 6: RAUNDI YA KWANZA

Karata mbili mkononi, mezani hakuna kitu. Anayeanza ni aliye kushoto mwa blaindi kubwa. Anaweza kukoli 20, kureizi ama kufoldi. Hawezi kucheki, manake zile 20 za blaindi kubwa zinahesabika kuwa beti tayari.

Zamu inazunguka mpaka blaindi ndogo, ambaye ameshaweka 10 kwa hivyo akitaka kukoli anaongeza 10 tu. Halafu blaindi kubwa: kama hakuna aliyereizi, yeye ana haki ya kucheki ama kureizi. Usimnyime. Meza nyingi za nyumbani zinafunua karata haraka kabla blaindi kubwa hajasema kitu, na huenda alikuwa na K mbili anangoja.

HATUA YA 7: FLOPU, YA NNE, RIVA

Mgawaji anachoma karata moja, yaani anaiweka kando kifudifudi bila mtu kuiona, halafu anafunua tatu mezani. Hiyo ndio flopu. Mnabeti. Anachoma moja tena, anafunua ya nne, mnabeti. Anachoma, anafunua ya tano ambayo ndio riva, mnabeti kwa mara ya mwisho.

Kuanzia flopu zamu inabadilika: sasa anaanza wa kwanza aliyebaki kushoto mwa kitufe, na mwenye kitufe ndio wa mwisho. Kumbuka hilo kwa sababu kuwa wa mwisho ni faida kubwa mno, umeona kila mtu amefanya nini kabla hujaamua. Mkono uleule unaopaswa kutupwa ukiwa wa kwanza unaweza kuchezwa vizuri ukiwa na kitufe.

HATUA YA 8: KUFUNUA

Beti za riva zikiisha na mmebaki wawili ama zaidi, mnafunua. Wa kwanza kufunua ni yule wa mwisho kubeti ama kureizi kwenye riva. Kama wote mlicheki anaanza wa kwanza kushoto mwa kitufe.

Unatumia karata tano bora kati ya saba. Unaweza kutumia zako mbili, moja, ama hata usitumie yako yoyote ukacheza zile tano za mezani. Mikono ikilingana poti inagawanywa sawa. Na kama wenzako wote walifoldi kabla, poti ni yako bila kuonyesha chochote, na usionyeshe, unawafundisha bure.

HATUA YA 9: MTU AKIWEKA ZOTE

Hakuna anayetolewa kwa sababu ya kukosa kete za kukoli. Unaweka ulizo nazo, unabaki ndani mpaka mwisho, ila huwezi kushinda kwa kila mtu zaidi ya kiasi ulichoweka wewe.

Tuseme wewe una 200, wenzako wawili wana 500 kila mmoja, na wote mmeweka zote. Poti kuu ni 200 mara tatu, 600, hiyo mnagombania watatu. Zile 300 na 300 zilizobaki zinakwenda poti ya pembeni, 600 nyingine, na hiyo ni ya wale wawili pekee. Ukiwa na mkono bora unachukua poti kuu, halafu wao wanapimana kwa ya pembeni. Zitengeni kabisa mezani, mafungu mawili, kabla ya kufunua. Nusu ya magomvi ya poka nyumbani yanatokea hapa.

Wala huruhusiwi kuingiza mkono mfukoni kuongeza kete katikati ya mkono. Ulichokuja nacho mezani ndicho unachocheza nacho.

MKONO MMOJA KUTOKA MWANZO MPAKA MWISHO

Watu wanne, kila mtu 1,000, blaindi 10 na 20. Kuna mgawaji mwenye kitufe, blaindi ndogo, blaindi kubwa, na wewe. Zamu ya kwanza ni yako.

Una K na Q za kopa. Unareizi mpaka 60. Mgawaji anakoli. Blaindi ndogo anafoldi, 10 yake imebaki. Blaindi kubwa anaongeza 40. Poti ni 190.

Flopu: Q ya uru, 9 ya kopa, 4 ya kopa. Una jozi ya Q na una kopa nne, ukipata moja tena ni flashi. Blaindi kubwa anacheki, wewe unabeti 100, mgawaji anareizi mpaka 250, blaindi kubwa anafoldi. Unakoli kwa kuongeza 150. Poti ni 690.

Ya nne: 2 ya pau. Unacheki, naye anacheki.

Riva: Q ya shupaza. Flashi haikuja lakini sasa una Q tatu, moyo umepanda. Unabeti 300, anakoli. Poti 1,290.

Unafunua Q tatu na K. Yeye anafunua A ya uru na Q ya pau. Q tatu pia, na kika yake ni A. Poti yake.

Sasa hapo hukucheza vibaya sana, hiyo niseme wazi. Lakini rudi nyuma kidogo: mtu aliyekoli reizi yako, kisha akareizi kwenye flopu yenye Q, alikuwa anakwambia nini? Mikono mingi sana anayoweza kushika pale ina Q yenye kika nzuri, ama tatu sawa. Ukiwa na beti mkononi jiulize ni mkono gani mbovu kuliko wako utakoli. Kama huoni mwingi, ungecheki. Kusoma hadithi ya beti za mwenzako ndio poka yenyewe, na unaifanya kwa hesabu ya beti, sio kwa kuangalia kama anatokwa jasho.

UCHEZE MIKONO GANI

Anza kwa kubana. A mbili, K mbili, Q mbili, J mbili, A na K: reizi kutoka kiti chochote. A na Q, A na J, K na Q, jozi za kati, nzuri pia ila ukiwa karibu na kitufe. Jozi ndogo kama 4 mbili unaingia kwa bei rahisi ukitafuta ya tatu, na ya tatu inakuja kwenye flopu karibu mara moja kati ya nane, isipokuja na mtu amebeti, tupa.

Nyingine nyingi tupa. Najua inachosha. Mgeni anaona J na 3 za aina moja anasema "lakini ni za flashi", kumbe ukiwa na mbili za aina moja kupata flashi kamili hapohapo kwenye flopu ni kama mara moja kati ya 118. Hazilipi.

Hesabu moja tu ya kubeba kichwani: hesabu karata ambazo zikija unashinda. Ukiwa na nne za flashi kwenye flopu zimebaki 9. Zidisha kwa 4 kama karata mbili bado zinakuja, kwa 2 kama ni moja. 9 mara 4 ni 36, ukweli ni kama asilimia 35, karibu kabisa. Sasa linganisha na bei. Poti ina 300, mtu anabeti 100, unalipa 100 kugombania 400, kwa hivyo unahitaji kushinda mara moja kati ya tano, asilimia 20. Nafasi yako ikiwa kubwa kuliko bei, koli. Ikiwa ndogo, foldi. Ukishika hilo uko mbele ya wengi mezani.

MAKOSA AMBAYO NAYAONA KILA MAHALI

Kupenda A. Mtu ana A na 6, flopu inakuja A, K, 5, anaona ameshinda. Ndio lile swali la juu kabisa: una A mbili, mezani kuna K, 5, 4, mwenye 5 na 4 ameshapata jozi mbili na wewe bado una jozi moja. A mbili ni mkono bora kabla ya flopu, baada ya hapo ni jozi moja kama jozi nyingine, na ukiwaacha watu watano waone flopu bure usishangae. Reizi mapema uwapunguze.

Kukoli koli. Kama mkono unatosha kuendelea mara nyingi unatosha kureizi, kama hautoshi kureizi mara nyingi ni wa kufoldi. Kukoli kuna nafasi yake lakini kusiwe ndio tabia.

Blafu kila dakika. Hii imeletwa na televisheni. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni, alishinda World Series of Poker na dola milioni 2.5, na mkono unaokumbukwa ni ile blafu aliyomfanyia Sammy Farha wakiwa wamebaki wawili, aliweka zote bila kuwa hata na jozi, Farha mwenye jozi ya 9 akatupa. Watu waliona hiyo tu. Hawakuona saa na saa za kufoldi, wahariri wa TV walizikata. Na zaidi ya hapo, blafu inafanya kazi kwa mtu anayeweza kutupa. Mezani kwenu shemeji anakoli kila kitu ili "aone tu", ukimfanyia blafu shemeji umempa kete zako.

Kuongea ukiwa umefoldi. "Ah ningekuwa na flashi!" Umeshawaambia waliobaki kwamba kopa mbili hazipo tena. Ukitoka, nyamaza mpaka mkono uishe.

Kutupa karata kabla hujasukumiwa poti. Mwenzako akisema nina flashi, subiri aziweke wazi mezani. Nimeona mtu ametupa ful hausi kwa kusikia neno, na karata zikishachanganyika na zilizotupwa hazirudi.

Kufukuza hasara. Umepoteza mkono mkubwa, damu imepanda, unaanza kucheza kila kitu. Simama, kunywa chai, ruka mikono kumi. Hii ndio hatari kubwa kuliko zote kwenye meza ya pesa, na ukiona huwezi kusimama, basi mchezo huu usicheze kwa pesa.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Karata imefunuka wakati wa kugawa. Ikiwa moja tu, maliza kugawa, mpe mwenyewe nyingine kutoka juu ya pakiti na ile iliyofunuka itumike kuwa ya kwanza kuchomwa. Zikiwa mbili ama zaidi, changeni upya.

Mtu ana karata tatu, ama moja. Kama hakuna aliyebeti bado, changeni upya. Kama mmeshaendelea, mkono wake tu ndio umekufa.

Mtu kacheza nje ya zamu. Rudisheni zamu kwa mwenyewe. Aliyepaswa kucheza akicheki ama akikoli bila kubadilisha dau, lile la aliyeharakisha linasimama. Akireizi, aliyeharakisha ana uhuru wa kuamua upya.

Mgawaji amefunua karata ya nne kabla watu hawajamaliza kubeti flopu. Ifichwe, malizeni kubeti, na njia rahisi ya nyumbani ni kuirudisha kwenye pakiti, kuchanga na kufunua nyingine. Kubalianeni hili kabla ya kuanza, sio likitokea.

Poti haigawanyiki sawa. Kete moja ya ziada anapewa aliye wa kwanza kushoto mwa kitufe kati ya walioshinda.

Reizi imekuja ya mtu aliyeweka zote lakini haifiki kiwango cha chini. Mmoja amebeti 100, umekoli, wa tatu ana 140 tu akaweka zote. Ni halali, nyote wawili mnalipa 40 zaidi kama mnataka kubaki, lakini kwa sababu haikuwa reizi kamili wewe na aliyebeti hamwezi kureizi tena kwenye raundi hiyo. Ni kukoli ama kufoldi.

Mchezo hauishi, saa tano usiku bado kila mtu ana kete. Pandisheni blaindi kila dakika 20: 10 na 20, kisha 20 na 40, 40 na 80, 80 na 160. Hakuna haja ya kufanya kingine.

Mmebaki wawili tu. Hapa kila mtu anachanganyikiwa. Mwenye kitufe ndio anaweka blaindi ndogo, mwingine blaindi kubwa. Kabla ya flopu mwenye kitufe anaanza, kuanzia flopu anakuwa wa mwisho.